Queen na Led Zeppelin kwenye Live Aid: masharti yaleyale, matokeo mbalimbali

Mabishano kuhusu shoo kali na shoo mbovu za bendi kongwe za roki hayaishi, kwa sababu kila mtu analinganisha vitu visivyolingana. Mmoja anakuletea ukumbi mdogo wa mwaka 1970, mwingine anakuletea uwanja wa mpira wa mwaka 1990. Mitambo tofauti, umri tofauti, mashabiki tofauti. Live Aid iliondoa sehemu kubwa ya visingizio hivyo kwa siku moja.

Tarehe 13 Julai 1985, wanamuziki Bob Geldof na Midge Ure waliandaa tamasha la kuchangia walioathiriwa na njaa ya Ethiopia katika viwanja viwili kwa mpigo: Wembley, London, uliojaa watu wapatao 72,000, na John F. Kennedy (JFK), Philadelphia, Marekani, uliojaa watu wapatao 90,000. Matangazo yalirushwa kwa satelaiti hadi pembe nyingi za dunia. Masharti yalikuwa makali na karibu sawa kwa wote. Bendi kubwa ilipewa dakika 20 hivi. Hakukuwa na nafasi ya maana ya kupima sauti jukwaani kabla ya kupanda. Aliyepanda mchana hakuwa na mbwembwe za taa za kumsaidia, na pale Wembley ziliwekwa taa kama zile za barabarani kuwaonya wanamuziki kwamba muda unakwisha.

Queen walipanda Wembley saa 12:41 jioni kwa saa za London, wakashuka dakika 21 baadaye. Led Zeppelin walipanda Philadelphia jua likikaribia kuzama, nao wakachukua kama dakika 20. Mwaka 2005 kura iliyoendeshwa Uingereza iliiweka shoo ya Queen juu ya shoo zote za roki zilizowahi kupigwa. Ile ya Zeppelin wenyewe hawataki ionekane. DVD rasmi ya tamasha ilipotoka mwaka 2004 walikataa kuwemo, wakaahidi badala yake kwamba mapato ya kazi zao nyingine yataingia katika mfuko wa hisani wa Band Aid.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alikuwa na kipaji cha ajabu na Zeppelin walikuwa na siku mbaya. Nayakubali nusu. Kipaji Zeppelin walikuwa nacho pia. Ukiniuliza mimi, upande wa ala walikuwa nacho zaidi. Siku mbaya nayo haitokei tu kama mvua. Naona swali lililoamua mambo ni la kawaida sana: kati ya hawa wawili, nani alipanda jukwaani akiwa bendi?

Queen walivyofika Wembley

Kwanza tuiweke kando filamu ya mwaka 2018 iliyobeba jina la wimbo wao, Bohemian Rhapsody. Humo Queen wanaonekana wamesambaratika, wanakutana tena siku chache kabla ya tamasha, na Mercury anawaambia wenzake kwamba ana virusi vya UKIMWI. Inatoa machozi, lakini haikuwa hivyo. Bendi haikuwa imevunjika. Januari 1985 walipiga Rock in Rio nchini Brazil, kisha wakaenda New Zealand, Australia na Japani, ziara iliyomalizika Mei. Kutoka Mei hadi Julai ni wiki chache tu. Kuhusu virusi, maelezo mengi ya waliokuwa karibu naye yanaonyesha alithibitishiwa baada ya tamasha hilo, karibu mwaka 1987. Filamu ilitaka muujiza, kwa hiyo ikalazimika kufuta kazi iliyouzaa.

Jina lao, hata hivyo, lilikuwa limechafuka. Oktoba 1984 walipiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wasanii wengi duniani walikuwa wameigomea nchi hiyo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Kwa msomaji wa Afrika hili si la kupita haraka: bendi iliyokuja kuiimbia Ethiopia mwezi Julai ilikuwa imelipwa kutumbuiza kwa makaburu miezi tisa kabla. Sisemi hivyo ili kuipunguzia alama shoo ya Wembley. Nasema kwa sababu inaeleza kwa nini walikuwa na njaa ya kujisafisha, na njaa hiyo inaonekana.

Halafu wakafanya kitu ambacho wengi siku ile hawakukifanya kwa uzito huo: mazoezi ya shoo hiyohiyo, kwa urefu huohuo. Walikodi ukumbi wa Shaw Theatre, London, wakakaa humo wakizikata na kuziunganisha nyimbo zao hadi zitoshee. Geldof alikuwa amewaeleza wasanii kwamba anataka tamasha liwe kama sanduku la muziki la dunia nzima, mtu anatia sarafu na wimbo anaoujua unalia. Queen walilichukua neno hilo kama lilivyo. Hawakuja kutangaza albamu mpya.

Tazama walivyokata. Bohemian Rhapsody ina sehemu ya katikati yenye sauti nyingi zilizorundikwa studio, ambayo Queen hawakuwahi kuiimba jukwaani hata siku zao nzuri. Kwenye shoo za kawaida walikuwa wakiacha kanda icheze. Wembley waliimba sehemu ya mwanzo, ile ya piano, na kabla hujaanza kujiuliza katikati kutakuwaje, Radio Ga Ga imeingia. Wimbo huu una makofi mawili juu ya kichwa ambayo watu walikuwa wameyaona kwenye video yake. Uwanja mzima unayapiga kwa pamoja, na hao si mashabiki wa Queen peke yao, ni watu waliokuja kuona kila mtu. Baada ya hapo Mercury anacheza na umati kwa sauti tupu, yeye anatoa, wao wanajibu, yeye anapandisha, wao wanafuata. Kisha Hammer to Fall, Crazy Little Thing Called Love, kipande cha We Will Rock You, na We Are the Champions ya kufungia. Nyimbo sita katika dakika 21, na hakuna hata moja iliyokaa hadi ikachosha.

Ule mchezo wa sauti ndio watu wanaoukumbuka zaidi, na ndipo neno "kipaji" huwa linaingizwa. Sawa, lakini usikilize vizuri. Mercury hatoi milio migumu mwanzoni. Anaanza na kile ambacho mtu yeyote aliyekaa juu kabisa ya jukwaa la mashabiki anaweza kukirudisha, halafu anawapandisha ngazi moja moja. Na hakuubuni siku ile. Alikuwa ameufanya viwanjani kwa miaka, Amerika ya Kusini, Japani, Ulaya. Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, akasomeshwa bwenini India, akaondoka visiwani na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, alifika Wembley akiwa amekwisha kuwafanya watu wa lugha nyingi wamwitikie bila kuhitaji lugha. (Nyumbani kwao habari yake ina utata wake. Shangani kuna jumba la makumbusho kwa jina lake tangu 2019, lakini mwaka 2006 mpango wa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ulipingwa vikali na kundi la kidini. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Kuna pia suala la mitambo. Inasimuliwa kwamba fundi mitambo wao alipata njia ya kuvuka kikomo cha sauti kilichowekwa kwa kila bendi. Iwe kweli kwa kiasi gani, ukisikiliza kanda za siku ile utaona Queen wanasikika wakubwa na wasafi kuliko waliowatangulia, na Geldof mwenyewe ameeleza alivyoshtuka kusikia sauti ile. Inasemekana vilevile kwamba koo la Mercury lilikuwa linamsumbua na daktari hakutaka aimbe. Likumbuke hili tukifika kwa Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin.

Philadelphia

Led Zeppelin walikoma kuwa bendi mwaka 1980. John Bonham, mpiga dramu wao, alifariki Septemba 25 mwaka huo, na Desemba wenzake watatu wakatangaza kwamba hawataendelea bila yeye. Shoo yao ya mwisho ilikuwa Berlin, Julai 1980. Kwa hiyo walipopanda jukwaani JFK ilikuwa imepita miaka mitano na siku chache tangu wapige pamoja kwa jina hilo.

Hapa ndipo maelezo ya "walikuwa wameshika kutu" yanapokosea kidogo. Hakuna aliyekuwa ameshika kutu. Plant alikuwa katikati ya ziara yake mwenyewe ya Marekani. Jimmy Page, mpiga gitaa, alikuwa na bendi nyingine, The Firm, na walikuwa wametoka kuzunguka miezi michache kabla. Mmoja mmoja walikuwa moto. Kilichokuwa hakipo ni Led Zeppelin.

Kiti cha Bonham kilipewa watu wawili. Mmoja alikuwa Tony Thompson wa bendi ya Chic, mpiga dramu mzito na mwenye nidhamu. Wa pili alikuwa Phil Collins, mwimbaji na mpiga dramu wa Uingereza, ambaye mapema siku ile alikuwa Wembley. Alipiga London, akapanda Concorde, ndege ya kasi kuliko sauti, hadi New York, akachukua helikopta hadi Philadelphia, akampigia dramu mpiga gitaa Eric Clapton, akaimba nyimbo zake mwenyewe, ndipo akakaa na Zeppelin. Kumwita hakukuwa wazo la kijinga: alikuwa amepiga dramu kwenye albamu mbili za kwanza za Plant baada ya bendi kuvunjika. Lakini mtu aliye angani juu ya Atlantiki hawezi kuwepo mazoezini. Na mazoezi yenyewe waliyofanya waliokuwepo yalikuwa mafupi mno.

Page kwa miaka mingi amemtupia Collins lawama kwamba hakujua nyimbo. Collins amejibu kwamba alijuta kukubali, kwamba alitamani kushuka jukwaani katikati ya shoo, akabaki tu kwa sababu kuondoka kungezua maneno makubwa zaidi. Mimi naona wote wawili wanabishana kuhusu mlango wakati nyumba nzima haina msingi. Hata kama Collins angezijua nyimbo zote kwa moyo, wapiga dramu wawili wasiofanya mazoezi pamoja hawawezi kutoa kile alichokuwa akitoa Bonham, ambaye siri yake ilikuwa kuchelewesha pigo kwa kiasi kidogo sana, kiasi kwamba wimbo unakuwa mzito bila kupungua mwendo. Watu wawili wakijaribu kuchelewa kwa pamoja, kila mmoja kwa kiasi chake, unachosikia ni ukungu.

Na walifungua na wimbo gani? Rock and Roll, wimbo ambao unaanza na dramu peke yake, tena kwa hesabu inayojulikana kwa kuwapoteza hata wanaoijua. Kati ya nyimbo zao zote walichagua ule unaomweka mpiga dramu mbele ya dunia, siku ambayo mpiga dramu ndiye aliyekosekana. Queen wangeliona hilo mapema. Ukumbi wa Shaw Theatre ulikuwa kwa ajili hiyo, kugundua mambo kama haya kabla ya watu 90,000.

Baada yake wakapiga Whole Lotta Love, kisha Stairway to Heaven. Nyimbo tatu tu. Sauti ya Plant ilikuwa imekwaruza, na kwenye milio ya juu anaikwepa, anaimba pembeni yake. Gitaa la Page halikuwa sawasawa; lina milio iliyopotea kabisa, na katika Stairway, wimbo ambao nusu ya dunia inaujua solo yake noti kwa noti, hakuna pa kujificha. Lawama nyingine iliangukia spika za jukwaani, kwamba wanamuziki walikuwa hawasikilizani. Naamini. Lakini bendi iliyozoeana inaweza kupita dakika tatu za kutosikilizana kwa kuangaliana. Hawa walikuwa wanaangaliana kama watu wanaoulizana njia.

Mercury naye koo lilikuwa linauma. Tofauti ni kwamba Queen walikuwa wamepanga shoo ambayo umati unabeba sehemu kubwa ya uimbaji: makofi, itiko, viitikio vinavyojulikana. Plant hakuwa na mahali pa kupumzikia. Nyimbo tatu zilizochaguliwa zote zinaegemea koo lake au vidole vya Page, na vyote viwili havikuwa sawa siku ile.

Vipi kuhusu U2?

Anayepinga maelezo yangu atasema: mbona bendi ya U2 haikufuata mpango wowote na ikafaulu? Ni hoja nzuri. U2 walikuja Wembley na nyimbo tatu. Wakapiga Sunday Bloody Sunday, wakaingia Bad, na mwimbaji wao Bono akashuka jukwaani kwenda kumtoa msichana katikati ya umati, akacheza naye, huku wenzake wakirudia mapigo yaleyale bila kujua yuko wapi. Bad ikafika karibu dakika 12. Wimbo wa tatu, Pride, uliokuwa mkubwa kwao kuliko yote, haukupigwa. Wenyewe walishuka wakiamini wameharibu. Ndiyo shoo iliyowafanya wakubwa duniani.

Lakini sikiliza wale watatu waliobaki juu. Hawayumbi. Walikuwa wametoka kuzunguka dunia na wimbo uleule, kwa hiyo mwimbaji alipotoweka ala zilijua la kufanya. Bono aliweza kuvunja mpango kwa sababu nyuma yake kulikuwa na bendi. Angeruka vile akiwa na wapiga dramu wawili waliokutana mchana uleule, tungekuwa tunazungumzia aibu nyingine ya Philadelphia.

Mwimbaji Bob Dylan, aliyepanda karibu na mwisho huko JFK akiwa na Keith Richards na Ron Wood wa Rolling Stones, ni mfano wa upande huohuo mbaya. Majina matatu makubwa, magitaa matatu, na kila mtu anaonekana yuko kwenye wimbo wake.

Aliyekuwepo na aliyetazama

Kuna jambo moja la haki kwa Zeppelin. Watu wa uwanjani JFK hawakulalamika; walipagawa. Kelele unazozisikia kwenye kanda si za adabu. Kwa aliyesimama juani tangu asubuhi katika joto la Julai na kuwaona Plant, Page na John Paul Jones, mpiga besi na kinanda wao, wakitokea pamoja, kuwaona tu kulitosha. Kukata tamaa kulitoka sebuleni, kwenye televisheni, na baadaye kwenye kanda zilizorudiwa.

Hii inaeleza pia kwa nini Queen wanapanda thamani kila mwaka. Shoo yao ilijengwa kwa macho ya kamera bila wao kuisujudia: Mercury kwa singlendi nyeupe, kijiti cha maiki mkononi, akimsogelea mpiga picha kama mtu anayemtania. Mtazamaji wa simu leo anapata karibu kila alichopata wa Wembley. Mtazamaji wa Zeppelin anapata kila kitu isipokuwa kile walichokipata watu wa JFK, yaani furaha ya kuwepo.

Mara ya pili na ya tatu

Kama tatizo lilikuwa dramu tu, dawa ilipatikana mapema. Tarehe 14 Mei 1988, kwenye maadhimisho ya miaka 40 ya kampuni ya muziki ya Atlantic katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Zeppelin walirudi na Jason Bonham, mtoto wa marehemu, aliyezikulia nyimbo hizo nyumbani. Bado haikuwa nzuri. Page alipapasa, kinanda cha Jones kilipotea kwenye matangazo wakati wa Kashmir, wimbo ambao bila kinanda ni mifupa, na Plant aliimba Stairway shingo upande baada ya mabishano. Dramu zilikuwa sawa. Mazoezi, mpango na nia, hapana.

Kisha 10 Desemba 2007, ukumbi wa O2, London, kwa kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa Atlantic. Jason Bonham tena kwenye dramu. Maombi ya tiketi yalitajwa kuwa milioni 20 kwa nafasi kama 20,000, zikagawiwa kwa bahati nasibu. Mazoezi yalianza miezi mingi kabla. Shoo ilipangwa Novemba 26. Page akavunjika kidole. Wakaiahirisha badala ya kupanda na kidole kibovu. Linganisha na 1985, ambapo waliona kasoro zote na wakapanda. Nyimbo kadhaa zilishushwa ufunguo, yaani zilipigwa kwa sauti ya chini zaidi, ili zikubaliane na koo la mtu wa miaka 59. Hawakufungua na Rock and Roll, waliiweka mwisho kabisa, usiku ukiwa umekwisha kuwa wao. Walianza na Good Times Bad Times, wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza. Nyimbo 16, zaidi ya saa mbili, na Kashmir ya usiku ule mimi naiweka juu ya kanda nyingi za miaka ya sabini walipokuwa vijana.

Filamu yake ilitoka 2012, na safari hii hakuna aliyeomba ifichwe. Page alitaka ziara ifuate, na mwaka 2008 yeye, Jones na Jason Bonham walijaribu hata waimbaji wengine. Plant alikataa, alikuwa ameanza kazi na mwimbaji Alison Krauss. Wengi walimlaumu na wengine bado wanamlaumu. Mimi nadhani alikuwa sahihi: ziara ya viwanja 60 bila moyo wa mwimbaji ingewarudisha Philadelphia, tena kila usiku.